BREKI HAIJUI WASTANI

Wale mliodhani nimedisko, poleni, bado nipo nipo sana. Ni msuli wa mitihani tu, pamoja na boom kuchelewa mpaka chumba kizima tukawa tunahesabu punje za maharage. Sasa karatasi ya mwisho imepita, natulia hosteli, na nina jambo ambalo limenikaa kichwani semista nzima. Leo sio siasa wala mpira. Leo ni nyaya. Nyaya zilizomo ndani ya gari, zile ambazo vifaa vya gari vinazitumia kuongea vyenyewe kwa vyenyewe.

Swali langu ni moja: ujumbe unaotoka kwenye pedali ya breki kwenda kwenye tairi la nyuma kabisa, UKICHELEWA SANA, utachelewa kiasi gani?

Angalieni vizuri nilivyouliza. Sijauliza kwa kawaida unachukua muda gani. Sijauliza mtandao una kasi gani. Nimeuliza siku ambayo kila kitu kimegoma, kila kifaa kinataka kuongea kwa wakati mmoja, ujumbe wa breki utasubiri mpaka lini? Ukiweza kunijibu kwa namba, na namba hiyo haivunjiki, basi una kitu ambacho wataalamu wanakiita ucheleweshaji unaotabirika. Ukinijibu "aah, huwa ni haraka tu", huna kitu.

Kwetu ni Ndanda, chini kabisa ya mlima. Anayeijua barabara ya Masasi na Newala anajua ninachosema. Newala iko juu ya tambarare ya Makonde, na msimu wa korosho unapofunguka, kuanzia Oktoba hivi, malori yanateremka yameshiba magunia. Nyuma ya dereva kuna tani na tani zinazotaka kufika bondeni kabla yake. Pale hakuna anayejali kama breki zake ni nzuri "kwa wastani".

Na mtu wa kwetu hili analielewa kuliko mhandisi. Muulizeni mkulima wa korosho yeyote wa Newala au Tandahimba. Akishapeleka mzigo chama cha msingi, mnada ukapita, haulizi wastani wa siku za malipo ni ngapi. Wastani hauendi kulipa ada Januari. Anauliza: siku ya mwisho ni lini? Ukimwambia malipo kwa wastani huchukua wiki moja, lakini mwingine anaweza kusubiri miezi miwili, atakuona unamtania. Ukimwambia ni wiki tatu na haitazidi hapo, atapanga maisha yake. Wiki tatu za uhakika ni bora kuliko wiki moja ya bahati nasibu. Mada yangu yote ya leo ni hiyo, mengine ni maelezo tu.

Wapo watakaosema: breki za lori ni za hewa, waya unaingiaje? Ni kweli, hewa ndiyo inayosukuma. Lakini hewa nayo inasafiri kwenye mabomba, na lori likiwa refu na tela nyuma, hewa inachelewa kufika. Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa, ile ya breki inayofuatwa Ulaya, inataka mfumo wa hewa ufikishe asilimia 75 ya shinikizo kwenye breki iliyo mbali zaidi ndani ya sekunde 0.6. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 0.6 ni mita 13 na ushee kabla breki haijashika sawasawa. Ndiyo maana miaka ya 1990 watengenezaji wakaanza kutuma amri ya breki kwa umeme, hewa ikabaki kufanya kazi ya nguvu na kuwa akiba umeme ukifa. Mercedes-Benz Actros iliyotoka 1996 ilikuja na mfumo wa aina hiyo. Kati ya kichwa na tela nako kuna kiwango chake, ISO 11992, data zinazopita kwa kasi ya kilobiti 125 kwa sekunde. Kasi ndogo mno, simu yako inaicheka. Lakini inatosha, na nitaeleza kwa nini.

Mtandao uliojaa kwenye magari mengi unaitwa CAN. Bosch walianza kuutengeneza 1983, wakauonyesha hadharani Detroit 1986. Kabla yake kila sensa ilikuwa na waya wake mpaka inapokwenda, gari likawa na nyaya kama utumbo. CAN ikasema: wote mtumie nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, na mtapishana kwa adabu.

Adabu yenyewe ndiyo hii. Chukulia foleni ya maji kule juu kwenye tambarare. Sisi wa Ndanda tumebarikiwa chemchemi za mlimani, lakini ndugu zetu wa Newala maji kwao ni ya kupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na bomba likifunguka foleni inakuwa ya kweli. Akija mama mjamzito au mzee, anapishwa mbele. Lakini ndoo ambayo tayari iko chini ya bomba haiondolewi, inajaa kwanza. CAN ni hivyo hivyo. Kila ujumbe una namba, na namba ndogo ndiyo yenye heshima kubwa. Vifaa viwili vikianza kuongea pamoja, kila kimoja kinataja namba yake biti kwa biti huku kikisikiliza waya. Sifuri inaishinda moja. Kifaa kilichotaja moja kikasikia sifuri kinajua kuna mkubwa kaja, kinanyamaza, kinangoja. Hakuna ugomvi na hakuna ujumbe uliopotea. Ila ujumbe ambao ulishaanza kupita haukatwi katikati, hata aje nani.

Sasa utamu uko hapa. Fikirieni pale kwenye bomba mtu aruhusiwe kuja na pipa la lita 200. Mzee akifika pipa ndiyo limeanza kujaa, atasimama mpaka jua lizame. CAN imekataza mapipa. Ujumbe mmoja haubebi zaidi ya baiti 8 za data. Wote ndoo, tena ndoo ndogo. Kwa hiyo mkubwa akija, muda wa juu kabisa wa kusubiri unajulikana: ndoo moja.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Malori mengi yanatumia CAN ya kilobiti 250 kwa sekunde, kwa utaratibu unaoitwa J1939. Ujumbe mrefu kuliko wote, ukiwa na baiti 8 na biti zote za nyongeza, unafika biti 160. Gawanya, unapata milisekunde 0.64. Ujumbe wenye namba ndogo kuliko wote utasubiri mwenzake mmoja amalize, 0.64, kisha nao upite, 0.64 nyingine. Jumla milisekunde 1.28. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari limesogea chini ya sentimita 3. Hiyo SIYO wastani, ndiyo hali mbaya kuliko zote ambayo foleni inaweza kuleta, ilimradi waya ni mzima. Mnaona? Mtandao wenye kasi ya konokono, lakini unakupa ahadi.

Tatizo ni wale wa nyuma. Ujumbe wenye namba kubwa unaweza kupishana na kila mkubwa anayekuja, na wakubwa wengine wanarudi tena na tena kila milisekunde 10 au 20. Utasubiri kiasi gani? Hapo huwezi kukisia, lazima ukae chini na kalamu. Mwaka 1994 Ken Tindell na Alan Burns wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakatoa njia ya kukokotoa muda huo wa juu kwa kila ujumbe. Mtandao wa Volvo S80 iliyotoka 1998 ulipangwa kwa hesabu za aina hiyo. Watu wakaitumia miaka mingi kwa raha zao.

Halafu 2007 Burns huyo huyo, pamoja na Robert Davis, Reinder Bril na Johan Lukkien, wakaandika kwamba hesabu ile ilikuwa na tundu. Ilikuwa inaangalia ujumbe ukitumwa mara ya kwanza kwenye msongamano, kumbe wakati mwingine anayeteseka zaidi ni wa mara ya pili, kwa sababu wa kwanza amewachelewesha wakubwa nao wakaja wote kwa pamoja. Wakaonyesha ujumbe ambao hesabu ya zamani ilisema utafika, na kumbe ungeweza kukosa muda wake. Wakarekebisha.

Mimi hadithi hii naipenda kuliko zote nilizosoma chuoni. Miaka 13, watu wenye akili zao, na tundu lipo. Halikugunduliwa kwa kuendesha gari mpaka ligonge, liligunduliwa kwa sababu ahadi ilikuwa imeandikwa kwa hesabu na mtu anaweza kuikagua. Neno "huwa ni haraka" halikaguliki. Namba inakaguliwa.

Haya, sasa nije kwetu, maana najua kuna mtu anasema huyu anatusomesha Ulaya.

Mafunzo kwa vitendo niliyafanyia gereji moja, siitaji. Gari likiletwa kufungwa alamu, au kile kifaa cha kukata mafuta likiibiwa, fundi anatafuta nyaya za karibu, anazimenya, anasokota za kwake, anapiga gundi ya umeme, kazi imekwisha, hela mfukoni. Siku moja nyaya zilizomenywa zilikuwa ndizo hizo mbili za CAN. Gari likawaka, lakini taa ya ABS nayo ikawaka. Ikaletwa mashine ya kusoma makosa, makosa yakafutwa, taa ikazimika, mteja akaondoka anashukuru. Siwalaumu mafundi wale, ni watu wenye mikono ya dhahabu, wamenifundisha mengi ambayo lekcha haijui. Lakini hakuna aliyewaambia kilichotokea ndani ya ule waya.

Kilichotokea ni hiki. Kila mwisho wa CAN kuna kizuizi cha omu 120, kazi yake ni kumeza mawimbi yasirudi nyuma kama mwangwi. Ukining'iniza waya mrefu katikati, au ukaongeza kizuizi chako, mwangwi unarudi, biti zinasomwa vibaya. CAN ina adabu hata hapo: kifaa kikiona kosa kinapiga kelele, ujumbe unafutwa, unatumwa upya. Kwa nje unaona kila kitu kinafanya kazi. Lakini kila kutuma upya ni ndoo nyingine kwenye foleni. Ile namba yetu ya 1.28 imekufa, na hakuna anayejua namba mpya ni ngapi. Hata kifaa kizima kinaweza kuleta balaa kikiwa hakina adabu: kikiongea mfululizo kwa namba ndogo, wengine wote wanakaa bila maji.

Na dawa nyingine ni ya bei ya chai na chapati mbili. Zima gari, toa umeme, chukua mita yako ya kawaida, pima kati ya zile nyaya mbili. Ukisoma omu 60, vizuizi viwili vipo na viko sawa. Ukisoma 120, kimoja hakipo au waya umekatika. Ukisoma 40, kuna mtu kaongeza cha tatu. Dakika mbili tu. Sikuona mtu akipima hivyo hata mara moja muda wote niliokuwa pale.

Msinielewe vibaya. Vifaa vya kufuatilia mabasi, kama VTS ya LATRA, mimi naviunga mkono kwa mikono miwili, maana wote tunajua mwendo wa mabasi ya mikoani ulivyokuwa. Hoja yangu ni kwamba kifaa CHOCHOTE kinachounganishwa na nyaya za data, kabla ya kufungwa, kiulizwe swali moja: wewe unasikiliza tu, au unaongea pia? Kontrola nyingi za CAN zina hali ya kusikiliza bila kutia neno. Mgeni anayesikiliza kimya haongezi ujumbe wowote kwenye foleni, na akiunganishwa kwa utaratibu hasumbui mtu.

Mshkaji wangu wa chumba ananipinga. Anasema tatizo ni kasi, wekeni waya wa kasi kubwa tumalize mjadala. Na kweli magari mapya yana kamera na rada, CAN haitoshi, kwa hiyo wanaingiza Etheneti, megabiti 100 kwa sekunde kwa jozi moja ya nyaya, kiwango kilichopitishwa 2015. Lakini kasi haiondoi foleni, inaifanya ikimbie tu. Etheneti imerudisha mapipa! Ujumbe wake mkubwa unapita baiti 1,500, na kwa megabiti 100 unachukua kama milisekunde 0.12 kwenye kila swichi. Mmoja si neno. Kamera nne zikitapika picha kwa mkupuo, ujumbe wa breki ukiwa nyuma ya mapipa hamsini, ni milisekunde 6, na kesho yanaweza kuwa mia. Bila utaratibu, waya wa kasi unakupa wastani mzuri sana na ahadi mbovu.

Ndiyo maana wakaja na TSN, viwango vya kuifanya Etheneti iheshimu muda. Kimoja cha mwaka 2015 ni kama mgao wa maji kwa mitaa: kila swichi ina mageti, na kuna ratiba ya lini geti la nani linafunguliwa. Saa ya breki ikifika, mapipa yote yamefungiwa nje. Lakini mgao unafaa tu kama saa za mitaa yote zinakubaliana. Mtaa mmoja ukihesabu saa za Kiswahili na mwingine saa za Kizungu, mtapigana ndoo. Kwa hiyo kuna kiwango kingine cha kulinganisha saa za vifaa vyote, tofauti isizidi sehemu ya milioni ya sekunde. Na kingine cha 2016 kinaruhusu pipa likatwe katikati, mzee achote, pipa liendelee. Haya yote hayaongezi kasi hata kidogo. Yananunua uhakika.

Ndege zilitangulia. Boeing 787 ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Julai 2018. Ndani ya 787 mna mtandao wa jamii ya Etheneti ambamo kila mtumaji amepangiwa ukubwa wa ujumbe usiozidi kiasi fulani, na nafasi kati ya ujumbe na ujumbe, kuanzia milisekunde 1 mpaka 128. Hakuna anayeruhusiwa kujisahau. Kwa sababu kila mmoja ana mgao wake, mtu anaweza kukaa na kuthibitisha ucheleweshaji wa juu kabla ndege haijaruka. Tunapanda tunalala usingizi, na hatujui kwamba usingizi huo umepigiwa hesabu.

Mwingine ataniambia gari zetu ni mitumba, hayo hayatuhusu. Ndugu yangu, mtumba ni gari jipya lililochelewa kufika. Kinachofungwa kiwandani Japani leo ndicho kitakuwa teksi Masasi miaka kumi na kitu ijayo, na atakayelifungua boneti ni kijana wa pale pale, chini ya mwembe. Tukingoja lifike ndipo tujifunze, tutajifunzia kwenye breki za watu.

Na tusijidharau. Jirani zetu wa Makerere, wanafunzi na walimu wao, walitengeneza gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na 2016 likaonyeshwa basi la jua la Kayoola. Gari la umeme huwezi kulifanya bila betri, mota na breki kuongea. Aliyelijenga kwa mikono yake lazima lile swali langu la juu limkute, apende asipende.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Moja, vyuo vya ufundi vimfundishe kijana wa umeme wa magari kupima omu 60 siku ile ile anayofundishwa kubadilisha fyuzi. Mbili, wanaoidhinisha vifaa vya kufungwa kwenye magari waulize kama kifaa kinasikiliza au kinaongea, na jibu liandikwe. Tatu, sisi wenyewe. Kwenye test zetu tunaulizwa kasi, tunakariri megabiti, tunapata A zetu. Hatuulizwi ikichelewa sana itachelewa kiasi gani. Mimi nimeamua mradi wangu wa mwaka wa mwisho utakuwa huo: kuchukua jumbe za lori moja, kuzipangia hesabu ya York, kuona nani anakosa maji.

Anayeona nimetia chumvi aseme, tena aje na namba, sio "huwa". Na kama una mjomba mwenye lori linaloshuka Newala, niunganishe naye. Mita ninayo.

Naomba kuwasilisha.